Salamu za Dorika kwenye Masafa Mafupi

Siku tuliyotoka makaburini, Bibiana aliiondoa redio yangu dirishani, akaifunika kwa kanga, akaifungia ndani ya sanduku la bati, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alifanya hivyo mbele ya waombolezaji na hakuna aliyeshangaa. Kwetu Ifakara nyumba yenye msiba haifungui redio mpaka misa ya arobaini ipite. Bibiana ni mdogo wake Dorika, mke wangu. Alikuja kutoka Kisawasawa kunishikia nyumba katika kipindi hicho, kwa hiyo alikuwa na haki ya kufunga na kufungua chochote.

Nami nilikuwa mtu wa mwisho kupinga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nikiwa mzee wa jumuiya, nilimwita jirani mmoja nikamsema mbele ya wenzake kwa kufungulia mpira wakati kaburi la mama yake halijakauka. Nilimwambia kuwa heshima haina saa ya mapumziko. Watu waliyakumbuka maneno yale, na mimi niliyakumbuka zaidi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Bibiana hakulijua. Mwezi wa tatu, akiwa mzima na mwenye nguvu, Dorika alipeleka posta kadi ya salamu kwenda kituo kimoja cha Ulaya kilichokuwa kikitangaza kwa Kiswahili. Kadi ya kwetu ilichukua muda kufika huko, na ikifika ilikaa tena ikisubiri zamu yake, maana wasikilizaji wa Afrika Mashariki walikuwa wengi na kipindi cha salamu kilikuwa kimoja tu, Jumamosi jioni. Kadi zake za nyuma zilisomwa baada ya miezi mitatu hivi. Dorika alikufa mwezi wa tano. Kadi yake ilikuwa bado haijasomwa.

Nilinunua redio yangu mwaka niliomaliza kisomo cha jioni. Mchana nilikuwa fundi wa kinu cha kukobolea mpunga, na jioni nilinawa mikono kwa mafuta ya taa na majivu nikaenda kukaa kwenye dawati la watoto chini ya taa ya karabai. Nilianza nikiwa sijui kusaini jina langu. Nilipomaliza niliona kuwa mtu akikaa bila kusoma atasahau, na magazeti yaliyofika Ifakara kwa treni yalikuwa tayari yamefungiwa maandazi. Habari za redio zilifika siku ile ile. Nilichomoa waya wa shaba kwenye mota iliyoungua pale kinuni, nikaupandisha kutoka kwenye paa hadi juu ya msufi nyuma ya nyumba, na kuanzia siku hiyo dunia ikawa inaingia chumbani kwangu.

Asiyejua masafa mafupi hawezi kuelewa utamu wake. Masafa ya kati unafungua na kituo kipo, kama bomba la maji. Masafa mafupi unatafuta. Unageuza kitufe kwa upana wa unywele, unapita kwenye mluzi, kwenye sauti kama ya mafuta yanayokaangwa, kwenye mtu anayehutubia kwa lugha usiyoijua, mpaka ghafla unasikia Kiswahili kikitoka nchi yenye theluji. Sauti inakuja, inazama, inarudi. Nilijifunza kuwa mita thelathini na moja ni nzuri baada ya jua kuzama, na kwamba mvua ya masika ina kelele zake. Niliviandikia vituo nikavieleza nilivyovisikia: nguvu ya sauti, mikwaruzo, kufifia. Wao walinirudishia kadi zenye picha za milima, minara na bandari kuthibitisha kuwa kweli niliwasikia. Nilizigongomea ukutani sebuleni. Wageni waliuliza kama nina ndugu huko. Nilijibu kuwa ninao.

Dorika kwanza alikuwa akinionea huruma. “Wewe unasikiliza kelele,” aliniambia, “halafu unawaandikia wenye kelele kuwashukuru.” Kilichomleta karibu na redio ni salamu. Siku moja nilikipata kile kituo cha Ulaya wakati mtangazaji anasoma kadi za wasikilizaji, na mtu wa Mlimba akawa anamsalimu shemeji yake wa Kiberege. Dorika alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mtu wa Mlimba angeweza kupanda treni akamsalimu shemeji yake kwa mdomo, lakini hapana, salamu zake zilivuka bahari zikarudi, zikawa kubwa. Kuanzia Jumamosi ile akawa analeta kigoda chake. Tukagawana kazi bila kukubaliana: mimi nilikishika kitufe, yeye alisikiliza. Mimi nilitaka kituo cha mbali zaidi, yeye alitaka watu. Alipozoea akaanza kuandika kadi zake, na haukupita muda watu wa mjini wakawa wanamwita Mama Dorika wa redio.

Kadi za mwanzo nilizisahihisha. Nilikuwa na kalamu nyekundu.

“Baba Damiani,” alisema siku moja, akinipokonya kalamu, “wewe ukishasahihisha inakuwa barua ya Mkuu wa Wilaya.”

“Inakuwa nzuri.”

“Inakuwa nzuri, ila si mimi.”

Basi akaacha kunionyesha. Nilikuwa nazisikia zikisomwa, kama msikilizaji mwingine yeyote. Aliwasalimu akina mama wa kwaya, muuza dagaa, muuguzi aliyemzalisha, watu ambao hajawahi kuwaona ila kwa majina yao redioni. Mimi hakunitaja hata mara moja.

“Bonde zima umeshalisalimu,” nilimwambia. “Mimi je?”

“Wewe nimekusalimu leo alfajiri, hukuitikia vizuri. Unataka nikupitishe Ulaya ndiyo uitikie?”

“Wenzangu wanasalimiwa na wake zao.”

“Wenzako wake zao wamewachoka, wanawasalimia kwa mbali.”

Nilicheka, lakini nilikuwa nataka. Mtu mzima anaweza kutaka jambo dogo kwa miaka mingi na asiseme. Ile kadi ya mwezi wa tatu aliiandika akiwa ameikinga kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuangaliziwa. Akalamba stempu, akaibandika, akajifunga kanga kwenda posta mwenyewe. Mlangoni aligeuka akasema, “Safari hii sikiliza vizuri.”

Sikuuliza zaidi, maana nilijua tutaisikia pamoja. Hicho ndicho kilichonikosesha raha wakati redio imefungwa kwenye sanduku. Nilitaka kusikia kama jina langu, Hermenegildi, lilikuwamo.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nilijikalisha nyumbani. Ya pili nilitoka. Niliaga kuwa naenda kunyoosha miguu, nikaelekea sokoni kwa Raimundi, fundi redio, ambaye kibandani kwake kila wakati kuna redio mbili tatu zinazoimba. Nilikuwa nimepanga nitamwomba ageuzie kile kituo kana kwamba ni kwa kupima tu mitambo. Aliponiona, na kitambaa cheusi begani mwangu, alinyoosha mkono akazima moja, akazima ya pili.

“Pole sana, mzee wangu. We dogo, kata hiyo nyingine.”

“Usizime kwa ajili yangu, Raimundi.”

“Nitakuwa mtu wa namna gani, mzee? Mama Dorika alikuwa mteja wangu. Kaa.”

Nikakaa. Raimundi akaweka chini bisibisi ili asipige kelele. Tulikaa tukisikiliza kengele za baiskeli mpaka muda wa kipindi ulipopita, kisha akanisindikiza hadi njia panda.

Wiki iliyofuata nilijaribu kwa kinyozi. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kijana akisema, “Mzee anakuja, ua mziki.” Ikawa hivyo kila mahali. Nilikuwa nimegeuka mtu anayezima redio kwa kupita tu. Watu walinionyesha heshima waliyojua, ile ile niliyowafundisha, na kila heshima ilinifungia mlango. Mara moja nilikivua kile kitambaa nikakitia mfukoni. Nilipiga hatua chache nikaona nimekuwa kama uchi, nikakirudisha. Hata hivyo kukivua kusingesaidia. Ifakara nzima ilikuwa inanijua.

Sikumwambia Bibiana. Ningesemaje? Ningemwambia shemeji yangu, ambaye macho yake yalikuwa bado yamevimba, kwamba nataka redio ifunguliwe ili nisikie kama nimesalimiwa?

Alasiri moja, katikati ya wiki, nilikuwa nimekaa barazani peke yangu. Bibiana alikuwa ameenda kisimani. Akaja mtu na baiskeli, amefunga kuku na kibuyu nyuma kwa mpira. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa kofia ya pama, na shingoni amening'iniza redio iliyovalishwa mfuko wa kufuma wa rangi tatu. Hata kabla hajafungua mdomo nilijua ni Msukuma kutoka machungani.

“Hodi hapa. Ndipo kwa Mama Dorika wa redio?”

“Ndipo. Karibu.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Habari za utokako?”

“Nzuri. Mimi ni Limbu, wa Mofu. Mama akisikia jina atanijua.”

Hata mimi nilimjua. Alikuwa na kadi zake kwenye kile kipindi, na katika kila kadi aliwasalimu ng'ombe wake kwa majina. Dorika alikuwa akimngojea kwa hamu kuliko mwingine yeyote.

“Wewe ndiye unayesalimu ng'ombe?”

“Ndimi. Mke wangu Minza alinuna wiki nzima kwa sababu mtangazaji alimtaja baada ya dume.”

“Na hao ng'ombe waliokula mpunga wa watu huko Mofu mwaka jana ndio hao waliosalimiwa?”

“Hao walikuwa wa jirani, mzee. Wa kwangu wana adabu. Wanajulikana Ulaya.” Akaufungua ule mpira wa baiskeli. “Nimeleta kuku na samli. Mama alinisalimu Jumamosi. Mtu akikusalimu mbele ya dunia nzima huwezi kukaa tu nyumbani. Yuko wapi?”

Nilikuwa nimekishika kile kitambaa cheusi, kilikuwa kimeteleza kutoka begani. Nilikikalia.

Nilijua kabisa la kumjibu. Nilijua pia kwamba nikilitamka neno lile atavua kofia, atainamisha uso, atashusha sauti, na kila alichobeba kutoka Mofu kitageuka kuwa pole. Pole nilikuwa nazo nyingi.

“Kaa kwanza,” nilisema. “Nisimulie ulivyosikia. Mimi Jumamosi sikuwa na redio.”

Alikaa kwa furaha. Akasimulia kama wanavyosimulia wachungaji, kwa kuanzia mbali: jinsi ng'ombe walivyoingia zizini, jinsi alivyoitundika redio kwenye nguzo, jinsi kituo kilivyotulia siku hiyo bila mkwaruzo. Kisha akakaa wima, akakunja shingo, akatoa sauti ya mtangazaji, na alikuwa hodari.

“‘Sasa tunayo kadi ya msikilizaji wetu wa siku nyingi, Bibi Dorika wa Ifakara, mkoani Morogoro, Tanzania. Anasema yeye hajambo. Anasema mpunga wa mwaka huu ni mzuri, lakini ndege ni wengi, na kama huko Ulaya ndege wamepungua basi tujue wako kwake.’ Mzee, yule mtangazaji alicheka mpaka nikasikia karatasi zikianguka.”

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye ‘yeye hajambo’. Jumamosi iliyopita tu, mbele ya wasikilizaji wote, alikuwa hajambo.

“Endelea.”

“‘Anamsalimu kwanza mdogo wake Bibiana, wa Kisawasawa, na anamkumbusha kuwa sufuria kubwa ina mwenyewe.’”

Nyuma ya ua nilisikia maji yakimwagika kidogo. Bibiana alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na ndoo kichwani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Limbu hakumwona.

“‘Anawasalimu akina mama wote wa kwaya, sauti ya pili zaidi. Anamsalimu Raimundi, fundi redio, na anamshukuru kwa kitufe alichokibadilisha.’ Halafu sasa, mzee.” Alisimama. “‘Anamsalimu Limbu wa Mofu, pamoja na ng'ombe wake wote, na zaidi Minza, ambaye anapaswa kutajwa kabla ya dume.’ Hapo mimi sikuwa mtu tena. Nilipiga kelele. Nilimwita Minza, nikawaita watoto, mbwa wakabweka, jirani akaja na rungu akidhani simba. Tangu nianze kutuma kadi sijawahi kusalimiwa na mtu. Tulipotulia muziki ulikuwa unapigwa. Mama aliomba wimbo wowote wenye gitaa.”

“Baada ya jina lako,” nilisema, “kulikuwa na majina mengine?”

“Yalikuwepo. Sauti ilikuwa inaendelea.”

“Ya nani?”

“Sijui, mzee. Nilikuwa napiga kelele.”

Alisema hivyo akicheka, na mimi nilimwangalia mdomo wake kana kwamba jina lingeweza kuwa limenasa kwenye meno. Bibiana akatua ndoo chini.

“Nani amesema hayo ya sufuria?” aliuliza.

Limbu akageuka, akamwamkia. “Ni Mama Dorika, redioni. Jumamosi jioni. Wewe ndiye Bibiana? Umetajwa wa kwanza kabisa.”

“Dada yangu tumemzika mwezi wa tano,” alisema Bibiana.

Limbu alivua kofia. Alinitazama mimi, akatazama kuku aliyelala miguu imefungwa, akanitazama tena.

“Mzee. Ulikaa kimya.”

“Nilitaka usimulie kama ulivyokuja,” nilisema.

Limbu aliitoa redio shingoni polepole akaiweka chini, mbali kidogo na miguu yake, halafu akakaa sakafuni na si kwenye kiti. Bibiana alikaa naye hapo hapo. Alilia bila kujificha. “Sufuria ninayo,” alisema. “Nilisahau tu kuileta. Ningeileta Pasaka.” Kisha nikaona jambo linamfikia. “Jumamosi jioni,” alisema. “Na redio nimeifungia mimi.”

“Hukujua.”

“Wewe ulijua?”

“Nilijua kuwa itasomwa. Sikujua lini.”

“Na hukusema.”

“Ningesemaje, shemeji? Mimi ndiye niliyewakataza watu.”

Bibiana akafungua pindo la kanga, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha bati. Alirudi na redio, akanipa kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Niliipokea. Nilipitisha kidole kwenye kitufe alichokibadilisha Raimundi, lakini sikuifungua. Bado kulikuwa na siku mbele yetu kabla ya misa, na nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimeshapita hewani. Kituo cha Ulaya hakirudii salamu. Niliirudisha kwenye sanduku mwenyewe, nikamrudishia ufunguo.

Limbu alilala kwetu. Jioni, baada ya kula, nilimwuliza kama Minza alisikia kitu.

“Minza alikuwa anakuja kutoka jikoni, na yeye hakupiga kelele,” alisema. “Alikuwa ananinyamazisha mimi.”

Kesho yake nilipanda naye lori lililokuwa likifuata mpunga Mofu. Baiskeli yake tuliifunga juu. Bibiana hakupenda mfiwa atoke mjini kabla ya arobaini, lakini hakunikataza. Alinifungia wali kwenye jani la mgomba na kuniambia nisikae upande wa vumbi. Njiani Limbu hakuwa msemaji yule wa jana. Karibu na kijiji tu ndipo aliposema, “Ningejua, nisingepiga kelele.” Nilimwambia kuwa mke wangu angefurahi sana kuzisikia kelele hizo, na huo ulikuwa ukweli.

Kwa Limbu ni kando ya kijiji, mbugani, nyumba ya tope na zizi kubwa la miiba. Minza alikuwa anatwanga. Aliacha mchi, akaja akapiga magoti kuniamkia, na alibaki hivyo mpaka nilipomwambia ainuke. Limbu alimweleza kwa Kisukuma. Nililiona neno la msiba likipita usoni mwake. Akapiga magoti tena kunipa pole, akaniletea kigoda na maziwa.

Nilimwuliza kuhusu Jumamosi. Hakukurupuka. Alifikiri, mikono mapajani.

“Nilisikia aliposema nitajwe kabla ya dume,” alisema. “Baadaye huyu alikuwa anaruka. Nilisogea kwenye nguzo, nikaweka sikio. Kulikuwa na jina moja tu, la mwisho. Mtangazaji alisema, ‘Na mwisho kabisa anamsalimu...’ halafu akakwama.”

“Alikwama vipi?”

“Jina lilikuwa refu. La kanisani, nafikiri. Akaanza, akaacha. Akaanza tena, akacheka kidogo, halafu akalisema lote kwa haraka. Kisha akasema, ‘anasema huyu anajua kwa nini.’ Gitaa likaanza.”

Maziwa yalikuwa mkononi mwangu. Niliyaweka chini.

Majina marefu katika bonde letu ni mengi. Mapadri waliotubatiza hawakutuonea huruma. Dorika alikuwa na mjomba Bonaventura, na kaka yake wa Ifakara anaitwa Apolinari, na rafiki yake wa kwaya ana mume Krisostomo. Mtangazaji angeweza kukwama kwa yeyote kati ya hao, na yeyote kati ya hao angeweza kuwa anajua kwa nini.

“Jaribu kulisema,” nilimwomba Minza.

“Siwezi, baba.”

“Jaribu tu. Hata kipande.”

Akafumba macho. “E... Ele...” Akatikisa kichwa. “Me... Mene...” Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. “Limenikimbia.”

Limbu aliinua uso. “Mzee, wewe jina lako la ubatizo ni nani?”

Wote wawili walinitazama. Macho yao yalikuwa mema kabisa, na hapo ndipo nilipoona hatari. Nikisema Hermenegildi, Minza atapiga magoti na kusema ndilo, baba, ndilo hilo hilo. Atasema hivyo kwa sababu nimefiwa, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake, kwa sababu nimepanda lori kuja kwake. Na labda atakuwa anasema kweli. Lakini mimi sitajua, leo wala kesho.

“Niiteni Baba Damiani,” nilisema. “Ndivyo alivyoniita yeye.”

Limbu alitaka kuuliza zaidi, akaacha. Akaenda kuwaangalia ng'ombe. Minza alirudi kwenye kinu chake. Alitwanga, na kila baada ya muda alisimamisha mchi, akatazama mbugani, akajaribu tena kwa sauti ya chini, kipande kimoja, kipande kingine, akatikisa kichwa, akaendelea kutwanga. Lori lilikuwa linapakia kijijini na lisingeondoka mapema. Nilivuta kigoda karibu, upande ambao upepo ulikuwa unatokea kwake, nikakaa nikisikiliza.